Magurudumu Tuliyoyala kwa Chumvi

Eldoret, Ijumaa, saa kumi alasiri

Mwanangu Cherono,

Mama yako amenipigia simu kwamba mmekwisha kupita Chavakali, na kwamba nyanya yako amewapa kuku wawili ambao hawaifurahii safari. Kwa hesabu yangu nina saa mbili za kuwa peke yangu na meza hii kabla hamjafika, nami nimekusudia kuzitumia vizuri.

Kesho asubuhi nyumba itajaa watu. Watakunywa chai na maziwa ya kibuyu, mursik yetu, mchungaji ataomba, kisha mtu atasema, kama wasemavyo siku zote, tumpe Mwalimu nafasi atuambie mawili matatu. Nitainuka. Nimesimama mbele ya watu kwa zaidi ya miaka thelathini, kwenye gwaride la shule, kwenye harusi, kwenye mazishi, na ninajua mahali pa kupandisha sauti na mahali pa kunyamaza ili watu watikise vichwa. Lakini kuna jambo moja ambalo, kila niliposimama, nililisema kinyume. Jambo hilo linamtaka mtu aketi. Kwa hiyo nimeketi.

Usitazamie humu maagizo ya kufunga milango, kuchemsha maji na kuvaa sweta. Mama yako amekuandikia kurasa nne za hayo, na ukurasa wa tano wote ni habari za soksi. Nimeusoma, wala sina la kuongeza, isipokuwa kwamba Nanyuki kuna baridi kweli.

Nataka kukuandikia habari za Kasisi.

Jina hilo ulilitoa wewe ukiwa na miaka mitano, kwa sababu gari la babu yako ni jeusi, lina mstari mweupe shingoni, na kwa sababu, kama ulivyotueleza mezani siku ile, halimharakishi mtu. Babu yako alilinunua kwa mwenye shamba mmoja aliyekuwa akirudi kwao, wakati mimi mwenyewe nilikuwa bado ninavaa kaptura. Yeye alikuwa karani wa ghala la mahindi, na katika Chepsaita nzima hapakuwa na gari jingine dogo. Alilitunza kama watu wengine wanavyomtunza ng'ombe wa maziwa. Alipofariki lilikuja kwangu. Kesho linakuwa lako, na utaliendesha mpaka Nanyuki kuanza kazi yako ya udaktari wa mifugo.

Wiki tatu zilizopita, Jumapili baada ya kanisa, ulilipandisha kwa jeki pale uani ukafungua gurudumu la nyuma. Ulinieleza kwa utaratibu, kama mtu aliyejiandaa. Ulisema matairi ya saizi ile ya zamani hayapatikani tena hapa mjini. Ulisema haya yaliyopo yamepasuka ubavuni kama visigino vya mkulima, na kwamba utakuwa ukibeba masanduku ya dawa katika njia za mashambani, tena wakati wa mvua. Ulitaka tuweke rimu kubwa zaidi na matairi ya kisasa. Ulikuwa na karatasi yenye mchoro na hesabu. Sikuitazama. Nilisema gari hili halijaguswa tangu litoke kiwandani, wala halitaguswa mimi nikiwa hai. Karatasi niliiweka chini ya bakuli la sukari, na hapo ikalala.

Kisha ukaingiza mkono ndani ya madigadi ya nyuma, lile bati linalofunika gurudumu, pale juu linapojikunja, ukapapasa polepole.

"Baba, hizi kingo nani alizikunja?"

"Zilitoka kiwandani hivyo."

Ulinitazama. Wewe umesomea kupapasa mbavu za ng'ombe ukajua zilivunjika wapi na zamani gani. Ulijua. Ulisema tu, "Sawa, Baba," ukarudisha gurudumu, ukakaza nati moja moja, ukaenda kunawa mikono. Tangu siku ile mimi na wewe tumezungumza habari za mvua kwa adabu kubwa sana.

Nilizikunja mimi, Cherono. Ama, kusema kweli yote, fundi ndiye aliyeshika nyundo na mimi nilishika tochi; lakini wazo lilikuwa langu, na ujinga ulikuwa wangu.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, mwalimu kijana, nami nilikuwa nimempenda mama yako. Baba yake alikuwa ametoka upande wa ziwa kuja Moi's Bridge kurekebisha mashine za kusaga mahindi, na sifa yake ilivuma kwamba hakuna chombo kilichoweza kumdanganya. Sifa hiyo ilinitia baridi. Wazee wetu walipopanga siku ya kwenda kuposa, babu yako alisema tutakwenda na gari lake, na kwamba mimi ndiye nitakayeendesha. Akaniachia gari wiki nzima hapa Eldoret nilifanyie sevisi.

Mtu mwenye busara angebadilisha oili akalala. Mimi nilitaka tuonekane tunafika. Wakati huo mjini palikuwa na rimu nne pana, zinazong'aa, zilizotolewa kwenye gari jipya lililopata ajali, na matairi yake yalikuwa mapana kama mito ya kulalia. Niliziona nikapoteza usingizi. Nilipozinunua, hazikuingia. Fundi niliyempata, ambaye hayupo tena mjini wala sitamtaja, akasema kingo za ndani za madigadi zikikunjwa juu kwa nyundo, zitaingia. Zikakunjwa. Zikaingia. Nilisimama barabarani nikalitazama gari kwa mbali, nikaona limekuwa kijana.

Magurudumu manne ya zamani niliyapeleka Burnt Forest kwa mkulima wa viazi aliyeitwa Mzee Njoroge, ambaye alikuwa akiunda mikokoteni miwili ya punda na alikuwa amekwama kwa kukosa magurudumu. La tano, lile la spea, lilibaki kwenye buti kwa sababu tu punda wake hawakulihitaji. Njoroge alinipa magunia mawili ya viazi, nami nikayapeleka nyumbani Chepsaita. Jioni ile babu yako alivila kwa chumvi, akavisifu, akasema watu wa Burnt Forest wanajua kulima. Alikuwa anayala magurudumu yake mwenyewe, mwanangu, na mimi ndiye niliyekuwa ninamsogezea chumvi.

Gari nililipima, usidhani sikulipima. Nililiendesha kwenye lami, njia ya Turbo, peke yangu, madirisha wazi. Liliteleza kama linaendeshwa juu ya maziwa. Hata mita ya mwendo ilinipendelea: gurudumu kubwa linakula barabara nyingi zaidi kwa kila mzunguko, kwa hiyo mita ikasema ninakwenda taratibu kumbe ninakimbia. Nilirudi nimeridhika kabisa.

Siku ya posa babu yako alilizunguka mara moja, fimbo mkononi, akasema tu kwamba limepanda juu. Akaketi mbele. Nyuma waliketi wazee watatu, mmoja wao huyu huyu Mzee Too unayemsalimia kila Jumapili, ingawa wakati ule alikuwa bado na meno yake yote. Kwenye buti tulipakia vibuyu viwili vya mursik, sukari, blanketi la mama mkwe na mfuko wa unga. Gari likakaa chini. Mimi nililiona likikaa chini, nikadhani ni heshima.

Hatukufika hata Soy. Kwenye shimo la kwanza la njia ya murram, udongo mtupu bila lami, kulitokea mlio ambao sijausahau, mlio wa kitu kigumu kikila kitu laini. Mzee Too akainamisha kichwa.

"Wee kijana, huku nyuma kuna mtu anasaga mahindi."

Nilimwambia ni barabara tu, Mzee.

"Barabara inanuka mpira?"

Babu yako akaniambia nisimamishe. Alishuka, akapiga magoti kwenye vumbi akiwa ndani ya suti yake ya pekee, akachungulia, akaweka kiganja juu ya tairi. Aliporudi hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

"Uliipima hii gari?"

"Niliipima, Baba. Juzi, njia ya Turbo."

"Ukiwa na nani?"

"Peke yangu."

"Basi hukuipima."

Akafunga mlango. Tukaendelea kwa namna ambayo nitakuomba uichore mwenyewe akilini. Kila tulipokaribia shimo, wazee watatu wenye kofia na fimbo walishuka, wakasubiri gari livuke likiwa jepesi, kisha wakapanda tena, wakikunja magoti na kuguna. Na ile njia, wakati huo, ilikuwa na mashimo mengi kuliko barabara. Mzee Too alianza kuhesabu kwa sauti. Alipofika arobaini aliacha, akasema amechoka kuwa mtoto wa shule ya Jumapili.

Karibu na Moi's Bridge, ukingo ule uliokunjwa kwa nyundo ulikata ubavu wa tairi. Tulipakua vibuyu, unga na blanketi kando ya njia ili kulifikia lile gurudumu la tano, dogo, la asili, nikalifunga. Gari likawa na mguu mmoja mfupi. Likachechemea. Wazee walikataa kupanda tena. Walitembea nyuma yake polepole, wamevalia nguo nyeusi, wakiwa wameshika vibuyu kwa mikono miwili, na watu waliokuwa wakivuna mahindi pembeni walisimama wakavua kofia. Walidhani tunakwenda kuzika.

Tulifika tumechelewa saa mbili. Wanawake wa kwao walikuwa wamefunga lango, na shangazi mmoja wa mama yako alituambia kwa sauti kwamba walidhani tumebadili nia, wakaanza kula. Mimi nilikuwa nimekwisha kutunga hadithi. Ilikuwa na kizuizi cha polisi na lori lililopinduka, na ilikuwa hadithi nzuri. Nilimnong'oneza babu yako nusu yake. Alinitazama kama mtu anayetazama ankara isiyo yake, akasogea langoni, akavua kofia, akasema ili hata walio jikoni wasikie:

"Mtuwie radhi. Kijana wetu alitaka mumuone vizuri, akaivalisha gari yangu viatu vya kijana. Lakini magoti yake ni ya mzee. Yamekataa."

Shangazi yule akaanza kucheka, na kicheko kikazunguka boma lote mpaka kikarudi langoni. Mama yako anasema hakucheka. Nilimsikia.

Baba yake hakuja kwetu. Alipita katikati yetu moja kwa moja mpaka kwenye gari, akapiga magoti kama babu yako alivyopiga kule njiani, akachungulia muda mrefu. Alipoinuka alifuta mikono kwa kitambaa.

"Hii ni kazi mbaya sana," akasema. "Lakini mmeniambia kabla sijaiona. Ingieni. Chai imepoa, itapashwa."

Mara nyingi nimefikiri jinsi siku ile ingekwenda iwapo ningeachiwa niseme la kizuizi na lori. Angepiga magoti vilevile. Angeona kingo, angeona nyundo, na yule mtu asiyedanganywa na chombo angejua kwamba anayeomba binti yake amemdanganya langoni. Labda wewe usingekuwepo wa kuandikiwa barua.

Wiki iliyofuata babu yako alinisindikiza Burnt Forest. Mikokoteni ilikuwa tayari na ilikuwa kazini, na magurudumu yetu yalikuwa na tope la viazi mpaka kwenye nati. Mzee Njoroge hakuhitaji kubembelezwa. Alipoona rimu zile zinazong'aa akakubali tubadilishane hata kabla sijamaliza sentensi; tairi moja ilikuwa imekatika, lakini akasema ataishona, punda hatakimbia kiasi cha kuijali. Baadaye nilisikia kwamba kila siku ya soko watu walimpisha punda wake njia, wakimwita Mheshimiwa. Tuliporudi, babu yako alitazama mashamba mpaka tukauona mji kwa mbali. Ndipo akasema, "Viazi vilikuwa vizuri, lakini."

Hiyo ndiyo adhabu pekee niliyopewa.

Sasa utaniuliza, na ni haki yako, kwa nini mtu aliyeokolewa na ukweli kiasi hicho akaishi miaka yote hii akisema kinyume. Ilianza siku tuliyomzika babu yako. Nilitaka sentensi moja ya kuonyesha jinsi alivyotunza alichopewa, nikasimama pale Chepsaita nikasema, "Gari lake halijaguswa hata nati tangu siku alipolinunua." Watu walitikisa vichwa. Wanawake wakasema mm. Nikarudia sentensi hiyo kwenye harambee, kisha kwenye harusi ya binamu yako, kisha mezani kwetu, mpaka ikawa kana kwamba niliikuta mahali. Sentensi nzuri ni kitu cha hatari mikononi mwa mtu aliyezoea kusikilizwa. Nawe ulipoingiza mkono wako chini ya bati lile, uliigusa sentensi yangu mahali ilipokunjwa kwa nyundo, na badala ya kusema ukweli nilikunyang'anya hoja yako, ambayo ilikuwa nzuri. Aibu yangu ya ujana niliigeuza ikawa heshima kwa babu yako, nikakuzibia nayo mdomo. Ninakuomba radhi, Cherono. Sikuombi kwa sauti ya mkutano. Ninakuomba nikiwa nimeketi.

Kama ningelazimishwa kukupa urithi mwingine zaidi ya gari, ningekupa yale maswali mawili ya babu yako: uliipima, na ukiwa na nani. Mimi nimeyahitaji mara nyingi kuliko nilivyokiri. Nilipofanywa mwalimu mkuu, mwezi Januari, jua likiwaka na njia zikiwa kavu, niliweka kanuni kwamba kila mwalimu awe shuleni kabla ya saa moja kamili. Ilifanya kazi vizuri ajabu. Nikaisifu katika kikao. Mvua za Aprili zilipofika, mwalimu mmoja mama aliingia ofisini kwangu saa moja na nusu, viatu mkononi, tope mpaka magotini, akaniuliza kwa upole sana iwapo kanuni ile niliitunga nikiwa nimetembea au nikiwa nimeketi. Nilikuwa nimeipima ikiwa tupu. Nimezipima ahadi zangu nyingi hivyo, siku ambayo hakuna mgonjwa nyumbani, tumbo limeshiba, barabara ni lami. Huko uendako utajipangia mambo mengi Jumapili alasiri ukiwa umepumzika. Yapange. Ila ukitaka kujua kama yatavuka, ngoja siku ambayo umeitwa kwa ng'ombe wa tatu anayezaa vibaya na mvua inanyesha, uyatazame tena siku hiyo. Sisemi zaidi, nimeanza kusikia sauti yangu ya gwaride.

Nirudi kwenye jambo lenyewe. Jumatatu, mlipoondoka wewe na mama yako kwenda kumuaga nyanya, niliinua bakuli la sukari. Karatasi yako ilikuwa na duara la chai juu yake, na katikati maduara yako mawili. Nililitazama la kwanza, nikalitazama la pili, na mimi niliyefundisha hesabu nikaona aibu mpya: ulikuwa umejibu kila kosa nililolifanya kabla hujazaliwa, bila kuambiwa hata moja. Nikaichukua karatasi kwa Fundi Otieno, ambaye amekuwa akilitazama gari hili kwa miaka kumi. Aliisoma akiwa amelala chini ya lori, akatoka, akaisoma tena.

"Mwalimu, huyu msichana wako amepiga hesabu safi," akaniambia. "Rimu inakua, mpira unapungua, duara ya nje inabaki pale pale. Gari haitajua hata kama imebadilishwa viatu."

Rimu za kwanza alizoleta zilitokeza nje kwa upana wa kidole. Mimi ningezikubali. Otieno alikataa, akasema hesabu ya daktari haisemi kidole, tukangoja siku mbili mpaka zikapatikana zinazokaa ndani sawasawa. Hazing'ai sana. Nadhani babu yako angezipita bila kuziona, na sina sifa kubwa zaidi ya kuzipa.

Jana tukalipima. Nyuma niliwapakia Shangazi yako Tabitha, katekista jirani yetu, na Mzee Too, ambaye alikataa kuketi mbele kwa hoja kwamba nyuma ndipo mahali pake. Mbele aliketi Otieno, sikio likiwa dirishani. Kwenye buti niliweka magunia mawili ya mahindi badala ya masanduku yako ya dawa. Tabitha alisema kama ni uzito tunatafuta tungemwambia mapema aje na kwaya nzima. Kwanza tulizungusha usukani mpaka mwisho, kushoto na kulia, pale uani. Kisha tukaenda Chepsaita kwa njia ile ile ya murram, kwenye shimo lile lile. Serikali zimekuja na kuondoka, shimo limebaki mahali pake. Nililiingia kwa makusudi. Nikarudi nyuma, nikaliingia tena kwa kasi zaidi, mpaka katekista akaanza kusali waziwazi.

Mzee Too alikuwa amefumba macho, kichwa kimeinama, kama zamani.

"Leo hakuna anayesaga," akasema.

Tulicheka wote. Tulipomfikisha kwake nilimshika mkono kumsaidia kushuka, naye hakuuachia mkono wangu.

"Na mtoto anajua?"

"Bado, Mzee."

"Basi gari umeipima. Wewe bado."

Ndiyo maana ninaandika. Kuna sababu nyingine ndogo, nisije nikajifanya mwema kupita kiasi: kesho utapitia Burnt Forest. Mzee Njoroge alishafariki, lakini binti yake anauza viazi kando ya barabara, na juu ya mlango wa duka lake ametundika rimu moja pana, inayong'aa mpaka leo. Akiliona gari jeusi lenye mstari mweupe atakusimamisha, na atakusimulia yote kwa madoido. Sikutaka uyasikie kwake kwanza. Ukifika, mnunulie viazi gunia moja, umwambie unatoka kwa yule mwalimu. Ataelewa.

Otieno alitaka kunyoosha kingo zile na kuzipaka rangi. Nilimwomba aziache. Ukizipapasa tena utajua ni nini, na hakuna tena anayehitaji kusema zilitoka kiwandani. Kwenye buti, chini ya zulia, kuna lile gurudumu la tano la babu yako, ambalo halijawahi kuvuta mkokoteni wala kuliwa kwa chumvi. Nimelivalisha tairi ambayo Otieno aliitafuta mpaka Nakuru, na kwa hesabu yako duara lake linalingana na yale manne mapya. Hutachechemea.

Gari liko nyuma ya nyumba, limefunikwa turubai. Barua hii utaikuta chini ya bakuli la sukari, mahali nilipoizika karatasi yako. Uisome kwanza, ndipo ufunue.

Na kesho, watakaponiomba niseme mawili matatu, sitaitumia ile sentensi. Nitasimama kando ya gari nikutazame wewe. Ukitaka watu wale wote niliowaambia uongo wausikie ukweli kutoka kinywani mwangu, uweke mkono wako juu ya madigadi ya nyuma. Nitawasimulia yote, nyundo na tochi na viazi, na Tabitha akimwaga chai lawama ni yako. Ukiona ni jambo letu wawili, acha mkono mfukoni. Nitakutakia safari njema kwa maneno machache, kisha nitaketi, na hilo peke yake litawashangaza. Kwa vyovyote nitakuwa nimepimwa mbele ya watu, na wewe ndiye mzigo niliotaka kupimwa nao.

Nasikia lango. Kwa kelele hizi, kuku wamefika salama. Ninakwenda kuwafungulia.

Baba yako